Kesi ya kazi huanzia ofisini: mwongozo kamili kwa mwajiri na mfanyakazi wa Mombasa

Mlinzi mmoja wa ghala huko Shimanzi aliniletea barua aliyoikunja mara nne, hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Alikuwa amelinda lango lile kwa miaka tisa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ikimtaka ajieleze kwa nini asiachishwe kazi kwa kulala zamu ya usiku. Mzee yule anasoma Kiswahili vizuri sana, lakini Kiingereza chake hakizidi salamu. Alipouliza, "Bosi, hii inasemaje?" aliambiwa, "Wewe tia sahihi hapo mzee wangu, mengine tutazungumza." Akatia. Asubuhi yake alifika kazini akazuiwa langoni.

Alilala kweli, mwenyewe hakunificha. Hata hivyo aliyetoa pesa mwishowe, mbele ya afisa wa leba, ni mwajiri. Sababu alikuwa nayo, utaratibu hakuufuata. Nimekalia meza ya karani wa wafanyakazi, kisha nikakaa upande wa chama cha wafanyakazi, na kote kuwili nimeona jambo hilohilo: kesi ya kazi huamuliwa kabla haijafika kwa hakimu, kwa karatasi iliyoandikwa au isiyoandikwa. Sheria inayotawala ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na vifungu nitakavyovitaja ni vyake. Tuanze siku ya kuajiri.

Hatua ya kwanza: mkataba uandikwe

Kifungu cha 9 kinataka mkataba wowote wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na anayepaswa kuuandaa ni mwajiri. Kazi nyingi Mombasa huanza kwa neno la mdomo: "Njoo kesho uanze." Mwajiri hudhani kwamba bila karatasi hafungwi na kitu, na sheria inasema kinyume chake. Kifungu cha 10 kinaeleza kwamba kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kijana akisema waliafikiana KSh 25,000 na wewe unasema 18,000, mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Mkataba usipungukiwe na jina la kazi, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi, likizo, na muda wa notisi. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na ukiongezwa iwe kwa makubaliano, tena usizidi miezi 6 mingine. Mfanyakazi, omba nakala yako. Ukinyimwa, piga picha kwa simu kabla hujairudisha.

Hatua ya pili: jua kama kibarua bado ni kibarua

Hapa ndipo waajiri wa mji huu wanapoumia zaidi, na ndipo wafanyakazi wanapopoteza haki zao bila kujua. Nenda Changamwe kwenye yadi za makontena, nenda Kongowea, nenda maghala ya Shimanzi: utakuta hamali anayelipwa kwa siku, jioni kwa jioni, na amefanya hivyo miaka minne. Kwenye daftari la mwajiri jina lake ni "kibarua". Machoni pa sheria pengine ameacha kuwa kibarua siku nyingi.

Kifungu cha 37 kinasema hivi. Mtu akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya jumla ya miezi 3, ahesabiwe kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Maana yake anastahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Na akishaendelea hivyo kwa miezi 2 au zaidi, anaingia kwenye haki ambazo angekuwa nazo kama asingeanza kama kibarua: likizo, malipo anapougua, na mengineyo.

Wapo wanaodhani dawa ni kumpumzisha mtu Jumapili halafu kumrudisha Jumatatu, ili siku "zikatike". Sheria imeliona hilo mapema. Baada ya siku 6 mfululizo, kibarua anahesabiwa kuwa na siku moja ya mapumziko yenye malipo, kwa hiyo Jumapili haikati kitu.

Mwajiri, pitia orodha ya vibarua wako kila mwisho wa mwezi. Aliyefikisha masharti hayo mwandikie mkataba, hata wa muda maalumu kama kazi yenyewe ina mwisho. Mfanyakazi, mwajiri wako hakuwekei kumbukumbu hii, jiwekee mwenyewe. Nunua daftari la shilingi chache, uandike kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyofanya na pesa uliyopokea. Ukilipwa kwa M-Pesa, usifute ujumbe, na taarifa kamili ya miezi iliyopita inaweza kuombwa. Nimeona shauri likisimama juu ya taarifa ya M-Pesa peke yake: malipo ya kila Jumamosi, kutoka namba moja, miezi kumi na tisa.

Na kama umeletwa na wakala wa kuajiri, uliza mapema: mwajiri wangu ni nani, wakala au kampuni ninayofanyia kazi? Wengi humshtaki asiye mwajiri wao, na muda unawaishia wakibishana jina.

Hatua ya tatu: mshahara, makato na kumbukumbu

Hili ni fupi lakini lisipuuzwe. Kila mshahara uambatane na peslipu inayoonyesha kilichokatwa na kwa nini. Makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mhudumu wa hoteli hakatwi sahani zilizovunjika kwa sababu tu zilivunjika zamu yake, kwani kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki pale hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi mwenyewe. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo kamili, uzazi ni miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Mwajiri asiye na rejista ya likizo hana la kuonyesha mfanyakazi akidai hakuwahi kwenda.

Hatua ya nne: kosa likitokea

Mahakama huuliza maswali mawili, na ukifeli moja umefeli. Je, kulikuwa na sababu halali na ya kweli? Je, utaratibu ulikuwa wa haki? Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu, na kifungu cha 45 kinasema kuachishwa ambako hakukufuata utaratibu wa haki si halali. Mwajiri aliyekasirika hushika la kwanza akalisahau la pili. "Nimemkamata na mali yangu, kikao cha nini tena?" Naielewa hasira hiyo. Anayekuibia humwonei huruma. Lakini hata kufukuzwa papo hapo kwa mujibu wa kifungu cha 44, kwa wizi, ulevi kazini, matusi au kutokuwepo bila ruhusa, hakumwondolei mfanyakazi haki ya kusikilizwa kwanza. Kifungu cha 41 kimelisema hilo waziwazi.

Basi fanya hivi, mwajiri. Chunguza kabla hujashutumu: tazama kamera, hesabu stoo, waulize waliokuwepo, uandike walichosema. Ukishaona kuna jambo, andika barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze. Barua itaje siku, saa, mahali, kilichotokea, na kanuni iliyovunjwa. "Utovu wa nidhamu" peke yake si shtaka, hakuna anayeweza kulijibu. Mpe muda wa kutosha. Barua ya saa kumi jioni inayodai jibu saa mbili asubuhi itakuaibisha mbele ya jaji.

Lugha. Sheria inataka sababu ielezwe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na hilo ni neno la kifungu hicho cha 41, wala si hisani. Mji wetu unazungumza Kiswahili, lakini ofisi zake zinaandika Kiingereza, na katikati hapo watu wanatia sahihi vitu wasivyovijua. Barua moja ya Kiswahili ingemwokoa yule mwajiri wa Shimanzi. Kama mtu hasomi kabisa, msomee mbele ya mwenzake, kisha andika chini kwamba alisomewa, na nani, lini.

Halafu itisha kikao. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua yeye. Usimchagulie. Barua ya mwaliko imweleze haki hiyo, maana wengi hawaijui, na mahakama huuliza kama aliambiwa. Msimamizi aliyemlalamikia asiwe ndiye anayeongoza kikao. Sikiliza utetezi, hata ule unaouona dhaifu, uandike, kila mtu atie sahihi. Usiandae barua ya kumwachisha kabla ya kikao: nimeshuhudia barua iliyokuwa na tarehe ya siku moja kabla ya kikao chenyewe, na pale kesi iliisha kabla shahidi hajafungua mdomo. Baada ya kutafakari ndipo utoe uamuzi kwa maandishi, wenye sababu, ukieleza pia kama kuna nafasi ya kukata rufaa ndani ya kampuni.

Upande wa mfanyakazi, kosa kubwa ni kimya. Mtu hupokea barua, akasusa, akasema "wameshaamua". Huenda kweli wameshaamua, lakini jibu lako ndilo jaji atakalosoma miaka miwili baadaye. Jibu kila shutuma kwa mpangilio, bila matusi, na omba uonyeshwe ushahidi unaotajwa. Ukipewa karatasi usiyoielewa na ukaambiwa utie sahihi ya kupokea, andika kando ya sahihi yako: "Nimepokea, sijakubali," na tarehe. Maneno mawili hayo na tarehe yanatosha.

Kuna mtego mwingine ambao umewashinda waajiri wengi: "alitoroka kazi". Mahakama imekuwa ikiuliza swali moja tu: ulifanya nini kumtafuta? Ulimpigia? Ulimwandikia? Ulituma mtu kwao? Kama hukufanya lolote kati ya hayo, neno utoro halikusaidii. Na wewe mfanyakazi uliyezuiwa langoni, usirudi nyumbani kimyakimya. Palepale, ukiwa umesimama nje, tuma ujumbe kwa msimamizi: "Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, askari amenizuia, naomba maelekezo." Ujumbe huo una saa na tarehe yake. Baadaye hakuna atakayesema ulitoroka.

Hatua ya tano: biashara ikipungua

Kila masika, Aprili hadi Juni, hoteli za Nyali na Bamburi huwa na vyumba vitupu, na hapo ndipo maneno "hatuna kazi" yanaposikika. Kupungua kwa biashara ni sababu ya kweli, lakini ina njia yake katika kifungu cha 40. Chama na afisa wa leba wapewe notisi ya angalau mwezi mmoja, yenye sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama aandikiwe yeye binafsi pamoja na afisa wa leba. Kuchagua nani aende kuzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu katika kazi. Likizo isiyochukuliwa ilipwe kwa pesa taslimu, notisi ya mwezi itolewe au ilipwe, na malipo ya kuachishwa yasipungue siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Mpishi wa mshahara wa KSh 30,000 aliyetumikia miaka 7 kamili, tukigawa mshahara kwa siku 30, atapata KSh 15,000 kwa mwaka, yaani 105,000 kwa malipo hayo peke yake. Mwajiri akimpunguza mpishi huyo Mei na kumwajiri mwingine Julai kwa jiko lilelile, ajiandae kueleza.

Hatua ya sita: chama

Katika mji huu neno chama si geni. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa pamoja, wa bandarini, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, wakikutana Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akaongoza shirikisho lao. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na ujira ukapanda. Kibachia mwenyewe alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni. Tunapomwambia kijana wa leo ajiunge na chama, tunamkumbusha jambo ambalo babu zake walililipia.

Faida yake mahakamani ni ya wazi: ofisa wa chama anaruhusiwa kumwakilisha mwanachama katika Mahakama ya Ajira na Leba bila kuwa wakili. Na kumwachisha mtu kwa sababu ya uanachama, au kwa sababu ya ujauzito, ni miongoni mwa sababu ambazo kifungu cha 46 kinazikataa moja kwa moja.

Hatua ya saba: umeachishwa, sasa hesabu siku

Sikiliza hapa kwa makini, ndugu yangu. Dai la ajira lina umri wa miaka 3 tangu siku haki ilipovunjwa. Ukipita, umepita, na mahakama hazina mkono wa kukuongezea. Malalamiko kwa afisa wa leba kuhusu kuachishwa isivyo haki yana muda mfupi zaidi, miezi 3.

Kinachowamaliza watu ni kusubiri. Mfanyakazi ameshtakiwa wizi, kesi ya jinai ikachukua miaka minne, akaachiliwa huru, akafurahi, ndipo akaja kudai kazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba muda huanza kuhesabiwa siku ya kuachishwa, si siku ya kuachiliwa na mahakama ya jinai. Mazungumzo na ofisi ya wafanyakazi hayasimamishi saa hiyo, wala ahadi za "rudi wiki ijayo". Weka tarehe ya mwisho ukutani, ujue mwezi wa kufungua kesi hata kama mazungumzo yanaendelea. Tena kumbuka kuwa kuachiliwa kwenye jinai hakumaanishi umeshinda kazi: mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba aliamini kwa msingi wa kweli, huku hakimu wa jinai anataka ushahidi usioacha shaka.

Siku hiyohiyo ya kuachishwa, kusanya: mkataba, peslipu, taarifa ya benki au M-Pesa, kitambulisho cha kazi, barua zote, jumbe za simu, na taarifa yako ya michango ya NSSF. Jumbe za WhatsApp ni ushahidi, ila ziandaliwe vizuri. Sheria ya Ushahidi inataka hati ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa, kwa hiyo usibadilishe simu wala kuiuza kabla hujazungumza na anayekusaidia.

Kisha andika barua ya madai kwa mwajiri, ukitaja kila dai na kiasi chake. Asipojibu, nenda kwa afisa wa leba, au moja kwa moja mahakamani. Anayepata mshahara usiozidi KSh 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa ajili ya mashauri ya ajira, kwa tangazo la gazeti rasmi la mwaka 2018. Aliye juu ya hapo huenda Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo ina kituo hapa Mombasa na imesimama juu ya Katiba ya 2010 kwa hadhi sawa na Mahakama Kuu.

Dai kinachodaika. Kwa kifungu cha 49, fidia ya kuachishwa isivyo haki ina kilele cha mishahara 12 ya mwezi, na kilele hicho hakipewi kila mtu: jaji hutazama ulitumikia miaka mingapi, ulichangia vipi kosa, na nafasi yako ya kupata kazi nyingine. Shauri moja lililoanzia hapa Mombasa lilifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 majaji wakasema fidia ifuate kifungu hicho. Wanaodai milioni kumi kwa "uchungu wa moyo" huondoka wamechoka bure. Anayedai malipo ya saa za ziada aonyeshe ni siku zipi na saa ngapi, na hapo lile daftari la shilingi chache linarudi mezani.

Hatua ya nane: kupatana, na karatasi ya mwisho

Mashauri mengi yanafaa kuisha kwa mapatano, na sioni aibu ndani yake. Lakini soma kabla ya kutia sahihi. Karatasi inayosema "nimepokea malipo yangu yote na sina madai mengine" inaweza kukufunga: mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilimkatalia mfanyakazi aliyetia sahihi makubaliano ya aina hiyo kwa hiari kisha akarudi kudai zaidi. Omba siku mbili, ipeleke kwa wakili au kwa chama. Mwajiri naye asimharakishe mtu, kwa maana sahihi iliyopatikana kwa vitisho au kwa kuzuia pesa ya mtu aliyo nayo haki huweza kuvunjwa.

Yeyote aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi lazima apewe cheti cha utumishi anapoondoka, awe amefukuzwa au ameacha mwenyewe, awe amewashtaki au hakuwashtaki. Kinaonyesha jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kumaliza, na kazi aliyofanya. Kukizuia ni kosa la kisheria. Yule mlinzi wa Shimanzi alipopokea pesa zake aliuliza cheti kwanza, akakikunja mara moja tu safari hii, akakitia kwenye mfuko wa nailoni ili mvua isimharibie njiani kuelekea kivuko cha Likoni.